Kimvita na Usemi wa Wahusika katika Hadithi

Apitaye Shanzu, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, hana budi kumsikia mvuvi akisema kwamba mwenzake "yuwaja". Katika daftari la shule neno hilo hupigwa mstari, na juu yake huandikwa "anakuja". Mwandishi wa hadithi akitaka kumtia mvuvi huyo kitabuni, amwekee kinywani neno lipi?

Tatizo hili lina historia. Sarufi ya Krapf, iliyotoka mwaka 1850, iliegemea usemi wa Mombasa. Kitabu cha Steere cha mwaka 1870 kilifuata Kiunguja. Mashindano hayo ya wamisionari yaliendelea hadi mwaka 1928, ulipofanyika mkutano uliokiteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano wenyewe ulikaa Mombasa: hukumu ilisomwa nyumbani kwa aliyeshindwa. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikapewa jukumu la kukagua vitabu vya shule na kuvitia ithibati.

Kuteua lahaja moja kwa ajili ya elimu hakukuwa kosa. Nchi kadhaa zilihitaji vitabu vya namna moja. Kosa lilizaliwa pale kipimo cha kitabu cha hesabu kilipotumiwa pia kupimia maneno ya mhusika wa hadithi, na Kimvita kikahesabiwa pamoja na makosa ya mwanagenzi. Ilhali "yuwaja" ina kanuni yake, nayo imekaa sawasawa kando ya "naja" na "twaja". Asemaye "kitabu yangu" ni mtu mwingine kabisa. Huyo amelegeza upatanisho wa ngeli, pengine kwa kuwa Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Mwandishi ana haki ya kuwatumia wote wawili, lakini akiwachanganya, msomaji wa Pwani atatambua mara moja kwamba mvuvi huyu hajapata kuishi Shanzu.

Mwandishi wa mji wa Unguja alibahatika, kwa kuwa sarufi ya shule ilijengwa juu ya usemi wa mtaani kwake. (Mwenzake wa Makunduchi, katika kisiwa hicho hicho, hakuipata bahati hiyo.) Mwandishi wa Mombasa alilazimika kuchagua.

Washairi hawakulazimika. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa gerezani toka mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu za kisiasa, alichapisha Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Imo humo "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili wanagombania mnazi mmoja. Wanajibizana kwa Kimvita. Ni desturi ya wahakiki kuyaita mambo kama hayo uhuru wa mshairi, kana kwamba lahaja ni njia ya kuokoa mizani na vina tu. Maelezo hayo hayatoshi. Ugomvi wa ndugu hao unaaminika kwa sababu hivyo ndivyo ndugu wa Mombasa wanavyogombana. Wangebishana kwa Kiswahili cha mtihani, mnazi ungekuwa fumbo tupu, lisilo na wenyewe.

Kwa nini basi mwandishi wa nathari anyimwe alichopewa mshairi? Hoja ya kwamba msomaji wa bara hataelewa haina nguvu sana, kwani diwani hiyo imesomwa mbali na Mombasa. Iliyo nzito zaidi ni kazi yenyewe. Kunyunyiza "yuwaja" mbili tatu katika ukurasa hakutoshi. Msimulizi akishika lugha sanifu, mhusika naye yampasa ashike lahaja yake kwa kanuni zake zote, na kuiacha pale tu ambapo mtu wa kweli angeiacha. Mwanamke anayeuza samaki Shanzu humwambia mgeni wa hoteli "anakuja", akageuka akamwambia dada yake "yuwaja", bila hata kushusha beseni.