Kuku wa Uani Kwetu Kisangani: Asili na Mbegu Zake

Nenda sokoni Kisangani ukaulize jogoo mwekundu ni wa mbegu gani. Muuzaji atakujibu pasipo kusita, "Huyu ni Rhode Island," na bei itapanda papo hapo. Je, ni kweli? Wengi wanaofuga kuku wachache nyuma ya nyumba, wapate nyama ya watoto na ya wageni, wamepoteza fedha kwa ajili ya jina hilo. Basi yafaa tuchungue kuku hawa walifika kwetu kwa njia zipi, maana kila njia imewaachia alama.

Asili ya kuku ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia. Afrika walifika zamani sana: huko Mezber, kaskazini ya Ethiopia, imechimbuliwa mifupa ya kuku yenye umri wa miaka zaidi ya 2,000. Njia waliyoifuata hata kuufikia mto wetu haikuandikwa na mtu, lakini maneno yana ushahidi wake. Mswahili asema kuku, Mganda enkoko, Mbemba nkoko, Mzulu inkukhu. Sikio lolote lasikia udugu wake. Watu wa Kikongo husema nsusu, na Kilingala nsoso. Mjini kwetu utasikia kuku, utasikia na nsoso, wala si ajabu. Kiswahili kililetwa na waungwana wa misafara ya Tippu Tip, aliyewekwa kuwa liwali wa Stanley Falls mwaka wa 1887. Kilingala kilipanda mto pamoja na meli na askari wa serikali. Lakini tusidhani kuku mwenyewe alingoja misafara wala meli. Jina lililotapakaa hivyo katika lugha za Kibantu laonyesha kuwa yeye ni mwenyeji wa siku nyingi.

Kuku huyo wa zamani hana mbegu moja. Wenzetu wa Tanzania wamempa majina kwa kufuata umbo lake: kishingo ni yule asiye na manyoya shingoni, kidimu manyoya yake yamejikunja, bukini hana mkia. Yule mrefu wa miguu, mpenda vita, ni kuchi, na wataalamu waliochungua chembe zake za urithi wameona ana udugu na kuku wa kupigana wa Japani. (Kumbe kuku naye ni msafiri!) Hata hivyo kishingo na kidimu si mbegu kamili. Hizo ni alama za kurithi; kifaranga mmoja aweza kuzaliwa nazo na nduguye asiwe nazo. Wako wanaomdharau kishingo kwa ubaya wa sura. Wanakosea. Manyoya yake ni machache, joto la mwili hutoka upesi, naye katika nchi ya joto kama yetu huendelea kula na kunenepa wakati mwenzake anahema kivulini.

Kuku wenye majina ya kizungu walikuja zamani za utawala wa wageni. Rhode Island Red aliingizwa katika kitabu cha mbegu cha Wamarekani mwaka wa 1904. Rangi yake ni nyekundu iliyoiva sana, mkia mweusi, miguu ya njano, ndewe za masikio nyekundu, na mwili wake ni kama tofali refu. Hutaga mayai ya kahawia. Leghorn mweupe ana ndewe nyeupe na mayai meupe, lakini nyama yake ni haba, usimnunue kwa ajili ya chungu. Sussex mweupe ana manyoya meusi shingoni na mkiani, na miguu myeupe. Huyo ana kifua kizuri. Basi usitazame rangi peke yake, kwani hata jogoo wa kuku-mwitu ni mwekundu. Uliza kumwona mama na ndugu zake. Mbegu kamili huzaa wanaofanana. Wakiwa kila mmoja na rangi yake, umeuziwa chotara.

Tena wako wale weupe wanene wa nyama. Hao wana historia fupi. Mwaka wa 1948 Wamarekani walifanya mashindano ya kutafuta kuku bora wa nyama, wakashinda machotara wa Cornish na New Hampshire. Machotara wa namna hiyo wa siku hizi hufika kilo 2 kwa wiki sita, lakini kwa chakula cha kununua. Ukimwacha ajitafutie uani atadumaa, na vifaranga vyake havitamfuata.

Mfugaji akiwapandisha matetea wake wote kwa jogoo wa kigeni, wajukuu huwa wazito, lakini wengine huacha kuatamia. Nyumba isiyo na mashine ya kuangulia itapata wapi vifaranga? Mimi ningebakiza matetea watatu au wanne wa zamani, hata wakiwa wadogo.

Wako pia wasemao kuku wa zamani hafi mdondo. Si kweli. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka wa 1926 huko Java na Newcastle ya Uingereza, na mwaka wa 1935 ulikuwa umekwisha kuonekana karibu na Mombasa. Nao huua wa kila mbegu. Iko chanjo ya tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.