Ruwaza za Berlin na Zawadi za Krismasi: Majarida ya Kazi za Mikono katika Karne ya 19

Katika karne ya 19, mwanamke wa London aliyetaka kudarizi ndara za kumpa mumewe siku ya Krismasi aliweza kufuata ruwaza iliyochapishwa Berlin bila kujua neno lolote la Kijerumani. Ruwaza hiyo ilikuwa karatasi iliyogawanywa kwa miraba midogo, kila mraba ukisimama badala ya mshono mmoja, na rangi iliyopakwa ndani ya mraba, au alama iliyochapwa mahali pa rangi, ikionyesha uzi wa kutumia. Mdarizi alihesabu miraba kwenye karatasi, akahesabu matundu kwenye kanivasi, yaani kitambaa kigumu kilichofumwa kwa nafasi zinazolingana, kisha akapitisha sindano. Historia ya majarida ya ushonaji mara nyingi husimuliwa kama historia ya mitindo ya mavazi, ilhali ni karatasi hizi za kuhesabia, zaidi ya picha za magauni, zilizovusha mapambo na zawadi za sikukuu kutoka nchi moja hadi nyingine.

Mfanyabiashara wa picha wa Berlin aliyeitwa Philipson ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuuza ruwaza za aina hiyo, yapata mwaka 1804, na kuanzia 1810 Ludwig Wilhelm Wittich aliiendeleza biashara hiyo kwa ubora mkubwa zaidi. Kila nakala ilipakwa rangi kwa mkono, mraba baada ya mraba, na kwa hiyo bei yake haikuwa ya kila mtu. Pamoja na ruwaza kulikuwa na sufu laini ya kondoo wa merino, iliyosokotwa Gotha na kutiwa rangi Berlin. Mwaka 1831 duka la Wilks katika mtaa wa Regent, London, lilianza kuagiza ruwaza na nyuzi hizo kwa wingi, na kufikia 1840 ilikadiriwa kwamba ruwaza zipatazo 14,000 zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Maua, kasuku, mbwa wa kifalme na matukio ya Biblia vilitapakaa kwenye mito ya viti, mikanda ya suruali na vikasha vya sigara, na si vyote vilivyopendeza macho, hasa baada ya 1856, rangi za viwandani zilipovumbuliwa na sufu ikaanza kung'aa kupita kiasi.

Majarida ndiyo yaliyoipunguza gharama. Der Bazar, lililoanza Berlin katika miaka ya 1850, na Die Modenwelt, lililoasisiwa na Franz Lipperheide mwaka 1865, yalichapisha ruwaza kwa wino mweusi na kuweka alama mahali pa rangi, hata msomaji akapata kwa bei ya jarida moja kazi za kumtosha majuma kadhaa. Michoro ilichongwa kwenye mbao, kisha kila mchoro ukatolewa nakala za shaba kwa njia ya umeme, nakala ambazo ziliweza kusafirishwa na kutumiwa tena katika mitambo ya uchapaji ya nchi nyingine. Mchapishaji wa ng'ambo alibaki na kazi ya kutafsiri maelezo tu. Kwa utaratibu huo Die Modenwelt lilitoka katika lugha zaidi ya kumi, picha zikiwa zilezile.

Huko New York, Fletcher Harper alivutiwa na Der Bazar, akaafikiana na wenyewe apelekewe michoro mapema, na tarehe 2 Novemba 1867 toleo la kwanza la Harper's Bazar likatoka. Mhariri wake alikuwa Mary Louise Booth, mfasiri hodari wa vitabu vya Kifaransa, uteuzi uliofaa sana kwa jarida lililojengwa juu ya kazi ya wageni. Sharti la kupata michoro mapema lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa zawadi ya kudarizi huchukua majuma mengi, na ruwaza inayofika katikati ya Desemba haimfai mtu. Ndiyo maana matoleo ya mwisho wa mwaka yalijaa ndara, vifuko vya saa, vitambaa vya kufutia kalamu na vikapu vya kuwekea nyuzi.

Kitu kilichohitaji ustadi zaidi kilikuwa karatasi ya nyongeza iliyokunjwa ndani ya jarida. Ili kuokoa nafasi, vipande vya nguo nyingi vilichorwa juu ya vingine katika karatasi moja, pande zote mbili, na kila nguo ikapewa aina yake ya mstari: wa nukta, wa vistari, wa misalaba au mchanganyiko wa hivyo. Mshonaji alitafuta namba ya nguo yake pembezoni, akaufuata mstari wake katikati ya msongamano wa mistari mingine, akaunakili kwa kigurudumu chenye meno kwenye karatasi iliyo chini. Kosa dogo la jicho lilitosha kuhamisha kwapa la koti hadi kwenye kola ya mtoto.

Si kila pambo lilipita njia ya sindano. Nchini Denmark, jarida la kazi za nyumbani Nordisk Husflidstidende lilitoa mwaka 1871 maelekezo ya kusuka moyo wa karatasi, kazi iliyo karibu sana na ususi wa karatasi uliofundishwa katika shule za chekechea zilizofuata mafundisho ya Mjerumani Friedrich Fröbel. Vipande viwili vya rangi tofauti hukunjwa, hukatwa vipapi upande wa mkunjo, na kila kipapi hupitishwa ndani ya mwenzake, kisha nje yake, kwa zamu, hadi upatikane mfuko unaoweza kutiwa peremende na kuning'inizwa kwenye mti wa Krismasi. Moyo wa zamani zaidi unaojulikana, wa kijani na dhahabu, ulitengenezwa mwaka 1860 na mtunzi wa hadithi Hans Christian Andersen.

Utaratibu wa karatasi yenye mistari iliyopandana uliishi kuliko himaya zilizouzaa. Aenne Burda aliufuata katika Burda Moden, jarida aliloanzisha Offenburg mwaka 1950, na katika Muungano wa Kisovieti nakala zake za Kijerumani zilipita mkono kwa mkono miongoni mwa washonaji, waliozinakili kwa ajili ya nguo za sherehe ya Mwaka Mpya. Toleo la Kirusi lilipozinduliwa Moscow mwaka 1987, wengi wao walikuwa wamekwisha kuizoea mistari hiyo.