Darubini ya Kulengea

Kifaa chenyewe ni bomba fupi la chuma lenye vioo ndani yake. Hufungwa juu ya bunduki, na mlengaji huchungulia humo kabla ya kufyatua. Katika mazungumzo ya Kiswahili nchini Kenya utasikia kikiitwa skopu, mara nyingine lenzi, na wanaoandika hukiita darubini tu, bila kusema ni darubini ya nini. Napendekeza tukiite darubini ya kulengea, na tusilikate jina hilo katikati. Kwa anayeishi Nairobi huenda hilo likaonekana jambo la wanakamusi. Kwa mtu wa Galbet si hivyo, na sababu yake inaeleweka vizuri zaidi tukikitazama kifaa kinavyofanya kazi na jinsi kinavyochaguliwa.

Galbet ni mojawapo ya wadi za mji wa Garissa, ng'ambo ya mashariki ya mto Tana. Karibu na mto, mti wa mathenge umefunga nchi kiasi kwamba mtu aliye hatua thelathini mbele yako humwoni. Ukiuacha mto nyuma, nyika inafunguka, udongo mwekundu na migunga ya hapa na pale, na macho yanasafiri mbali. Katika nyika hiyo bunduki haijawa chombo cha burudani. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, na raia anayetaka kumiliki silaha lazima apate cheti kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Wanaoonekana na bunduki ndefu ni polisi, wanajeshi, askari wa wanyamapori, na askari wa akiba wa polisi ambao wengi bado huwaita KPR, ingawa Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 iliwapa jina jipya.

Bunduki hizo nyingi ni G3 ya Kijerumani au za ukoo wa AK. Zote mbili zinaweza kufyatuliwa risasi moja moja, na hapo ndipo tunapokutana na istilahi ya kwanza inayohitaji kunyooshwa. Wengi husema nusu-otomatiki. Neno hilo limeenea na sina nia ya kulifukuza, ila halimwelezi mgeni kitu. Jina la bunduki ya kujipakia lina faida zaidi, kwa sababu linataja tendo lenyewe: ukivuta kifyatulio mara moja, risasi moja hutoka, na nguvu ya mlipuko uleule hukirudisha nyuma kipande cha chuma kinachofunga chemba, hulitupa ganda nje, kisha hupakia risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Mkono wa mpigaji haufanyi lolote katikati. Atavuta tena akitaka kupiga tena. Bunduki ya kijeshi huwa pia na swichi ya kuifanya imimine risasi mfululizo, lakini anayelenga kwa darubini hana haja na swichi hiyo.

Tofauti hii ya kujipakia ndiyo inayoanza kuamua ni darubini gani inafaa. Kwenye bunduki ya kukokwa kwa mkono chuma hutulia mpaka mpigaji akiguse. Kwenye bunduki ya kujipakia chuma kizito hurudi nyuma na kusonga mbele kwa kishindo kila risasi inapotoka, na darubini iliyofungwa juu hupata mtikisiko wa pande zote mbili. Vioo vilivyoshikizwa ovyo hulegea, alama ya kulengea huhama, na mpigaji hajui mpaka risasi iende kando. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe darubini inakuza mara ngapi. Liwe: itashikwa na nini?

AK ni mfano mzuri. Juu yake pana kifuniko chembamba cha bati ambacho hutolewa kila bunduki inaposafishwa, na kikirudishwa hakikai pale pale kwa usahihi unaohitajika. Darubini ikifungwa juu ya kifuniko hicho, shabaha ya leo haitakuwa shabaha ya kesho. Warusi walilijua hilo, ndiyo maana bunduki yao ya wadunguaji, Dragunov, iliyoanza kutumika mwaka 1963, ilipewa reli ubavuni kushoto, kwenye mwili imara wa bunduki, na darubini yake aina ya PSO-1 ikakaa hapo. G3 nayo mwili wake ni wa bati lililokunjwa, na Wajerumani walitengeneza kishikio chenye makucha yanayobana kingo za mwili huo. Neno ninalolitumia kwa vifaa hivi vyote ni kishikio. Kishikio kibovu huharibu kazi ya darubini ya bei yoyote, na ningemshauri yeyote aliye na fedha kidogo azitumie huko kwanza.

Sasa ukuzaji. Juu ya darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 4x24, ambazo ndizo za PSO-1 na pia za darubini ya Hensoldt iliyotengenezwa kwa ajili ya G3. Namba ya kwanza inasema kitu kitaonekana kikubwa mara nne, yaani mtu aliye mita 400 ataonekana kana kwamba yuko mita 100. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata 6, na hiyo ndiyo milimita ya duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni. Duara hilo naliita mboni ya nuru, kwa sababu linapaswa kulingana na mboni ya jicho la mtazamaji. Kwenye jua la saa saba Garissa mboni ya jicho husinyaa mpaka milimita mbili au tatu, na karibu darubini yoyote itatosha. Magharibi inapoingia mboni hufunguka, kwa kijana hufika hata milimita saba, na hapo darubini ya 10x40, yenye mboni ya nuru ya milimita 4, itaonyesha picha yenye giza kuliko ile ndogo ya 4x24. Watu hushangaa wakiambiwa kwamba darubini kubwa inaweza kuona vibaya zaidi jioni. Hesabu ndiyo hiyo, pamoja na ubora wa kioo na rangi nyembamba inayopakwa ili mwanga usirudi.

Ukuzaji mkubwa una gharama nyingine inayojulikana sana Kaskazini Mashariki, nayo ni mazigazi. Joto likipanda toka ardhini, hewa hutikisika, na kila kilicho mbali huyeyuka na kuogelea kama kiko nyuma ya maji. Darubini hukuza mazigazi pamoja na kitu chenyewe. Ikikuza mara kumi na mbili mchana wa Februari, itakuonyesha hewa inayochemka kuliko itakavyokuonyesha mtu. Juu ya hayo, kadiri inavyokuza ndivyo upana wa mwono unavyobana, na mlengaji hupoteza habari ya kinachotokea mita chache kando: mtoto anayetoka nyuma ya kichaka, ngamia anayekatiza. Kwa bunduki ya kujipakia katika nchi hii, mara nne inatosha kwa kazi nyingi. Darubini inayoweza kubadilishwa kutoka moja hadi sita inafaa zaidi, mradi kishikio ni imara, kwa kuwa ukiiweka kwenye moja unaweza kupita kwenye mathenge macho yote yakiwa wazi.

Nafasi ya jicho ni istilahi ambayo hufundishwa kwa damu isipofundishwa kwa maneno. Ni umbali kati ya kioo cha nyuma na jicho ambapo picha hujaa bila duara jeusi pembeni, na kwa kawaida ni sentimita nane hadi kumi. Bunduki hupiga teke. Anayesogeza jicho karibu mno hupasuliwa nyusi na ukingo wa darubini. G3 inapiga risasi nzito ya milimita 7.62, na teke lake si la kudharauliwa.

Kuhusu neno darubini lenyewe, tulilipokea kutoka Kiajemi, ambako dur ni mbali na bin hutokana na kitenzi cha kuona. Waturuki wana dürbün, na wasemaji wa Kihindi na Kiurdu wana durbin. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa bomba la kutafutia nchi kavu, nasi tukalipanua: darubini ya nyota, darubini ya macho mawili, na pembeni yake tukawa na hadubini ya vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Ni neno linalozaa vizuri. Lenzi haiwezi kushindana nalo, kwa sababu lenzi ni kioo kimoja tu kati ya vingi vilivyomo ndani. Skopu linaeleweka, na halina kosa la sarufi, lakini halitaji kuona wala kulenga.

Na kulenga ndiyo nusu ya jina ambayo sitaki ipotee. Darubini ya macho mawili hushikwa mkononi, na ukimtazama mtu kwayo hujamfanyia lolote. Darubini ya kulengea imefungwa sambamba na mtutu. Hakuna namna ya kumtazama mtu kwayo bila kumwelekezea bunduki. Mbele ya hakimu, shahidi akisema "nilimwona kwa darubini," maneno hayo yanaweza kumaanisha kwamba alikuwa akichunguza kutoka mlimani, au kwamba alikuwa amemlenga mtu kichwani kwa silaha iliyopakiwa. Mkalimani anayeandika darubini peke yake amefuta tofauti ambayo kesi nzima inaweza kuitegemea. Vivyo hivyo ripoti ya polisi, na vivyo hivyo habari ya gazetini.

Garissa ina sababu ya kuyajali maneno haya. Sheria za dharura zilizowekwa wakati wa vita vya shifta katika miaka ya 1960 zilibaki mkoani Kaskazini Mashariki mpaka 1991. Mwezi Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliwaadhibu raia wa Bulla Karatasi, jambo ambalo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililieleza katika ripoti yake ya 2013. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika shambulio la kigaidi la Chuo Kikuu cha Garissa. Wenyeji wameteswa na wenye bunduki haramu, na wameteswa pia na wenye bunduki halali. Mchungaji anayerudi na ngamia jioni hubeba fimbo, mara nyingi akiilaza mabegani na kuiegemezea mikono. Kwa mbali, kwa jicho lililochoka, fimbo ile na bunduki havitofautiani. Anayemtazama akihitaji kujua ni nani, atumie darubini ya macho mawili. Bunduki ibaki begani, mtutu ukielekea chini, mpaka ijulikane.

Katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kusini mwa kaunti, walinzi huwafuatilia hirola, swala ambaye karibu atoweke duniani na ambaye makao yake ni upande huu wa Kenya. Mwaka 2012 boma la kuwalinda lilianzishwa kwa hirola 48. Hifadhi hiyo ndiyo iliyokuwa na twiga weupe, na Machi 2020 ilitangazwa kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili. Kazi ya mlinzi wa wanyama wa namna hii ni kutazama saa nyingi: kuhesabu, kutambua dume na jike. Kazi hiyo yote ni ya darubini ya mkononi. Ikiwa wafadhili watauliza walinzi wanunuliwe darubini gani, jibu lianze na ya macho mawili, na ya kulengea ifuate baadaye sana kama itahitajika hata kidogo.

Vipo vipande vidogo vya istilahi ambavyo navipitia haraka. Mistari inayoonekana ndani ya darubini wengi huiita msalaba, lakini darubini nyingi za leo zina nukta, mishale au ngazi badala ya mistari inayokatana, hivyo alama ya kulengea inabeba zote. Katika PSO-1 alama hiyo ina mkunjo wa kupimia umbali, uliochorwa kwa kukadiria mtu wa kimo cha mita 1.7. Alama ikionekana kuhama juu ya shabaha wakati jicho linapohama kidogo, hilo ni msogeo wa alama, na dawa yake ni kuliweka jicho katikati kila mara. Mpigaji aliyebobea kwa kazi hii Watanzania humwita mdunguaji, neno zuri ambalo Kenya inalitumia pia.

Limebaki lile gurudumu dogo la juu na la ubavuni linalosogeza alama. Ukilizungusha hutoa mlio mdogo kwa kila hatua, na hatua hiyo naiita kidoko, wingi vidoko, kwa kuwa Kiswahili tayari kina kidoko kwa mlio wa namna hiyo wa ulimi. Darubini zilizopimwa kwa dakika za nyuzi huwa na kidoko cha robo dakika, ambacho kwa mita 100 husogeza risasi kama milimita saba. Zilizopimwa kwa milradiani huwa na kidoko cha sehemu moja ya kumi, ambacho kwa umbali huohuo husogeza sentimita moja kamili. Ya pili ni rahisi zaidi kwa watu waliosoma kwa mita. Kwa darubini hiyo ya milradiani, risasi tatu zikitua pamoja sentimita sita kushoto ya shabaha iliyo mita 100, zungusha vidoko sita kwenda kulia. Kosa likiwa sentimita sita zilezile kwa mita 200, vidoko vitatu vinatosha. Kisha piga tatu nyingine, na usiguse gurudumu kwa sababu ya risasi moja iliyopotea.