Maji Yalipoingia Kwenye Kopo la Mafuta

Kabla duka la kwanza halijafunguliwa Karatu, jirani na Kreta ya Ngorongoro, akina mama wa Kimaasai na wa Kidatoga walikuwa tayari wanaifanya kwa mikono yao kazi ambayo wanakemia wa Ulaya walikuja kuihangaikia kinyumenyume. Maziwa ni vitone vidogo mno vya mafuta vilivyotapakaa ndani ya maji, na kila kitone kimevikwa utando mwembamba wa protini na fosfolipidi unaokizuia kisiungane na mwenzake. Kibuyu kikisukwa, utando huo hupasuka, vitone hushikana, na siagi hujitenga. Siagi ikichemshwa, maji yaliyobaki hutoka kwa mvuke na inabaki samli. Hayo yalikuwa mafuta ya kula na ya kupaka pia. Pamoja nayo yalikuwapo mafuta ya kondoo, ambayo Wamaasai waliyachanganya na udongo mwekundu na kujipaka mwilini na kwenye nywele ndefu za morani.

Mafuta yasiyo na maji yalifaa sana kwa nchi hiyo. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro upo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hutanda asubuhi, na baadaye upepo mkavu unapuliza kutwa nzima. Ngozi hupauka na visigino hupasuka. Tabaka la mafuta juu ya ngozi huzuia maji ya mwilini yasipotee hewani, na kwa kuwa bakteria na kuvu wa kuozesha hawawezi kustawi pasipo maji, samli iliyochemshwa vizuri hukaa muda mrefu bila kuharibika. Waliokuwa wakiupasua ule utando wa vitone vya maziwa, kumbe walikuwa wakitengeneza kipodozi kisichohitaji dawa ya kukihifadhi.

Ulaya walitaka kinyume chake: maji yaingie kwenye mafuta na yakae humo. Tangu karne ya 2, tabibu Galen anatajwa kwa krimu ya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Ilipoza ngozi, lakini haikudumu, kwani mchanganyiko ulijitenga. Dawa ilipatikana baadaye sana, pale boraksi ilipoongezwa. Boraksi hukutana na asidi za mafuta zilizomo ndani ya nta na kuzaa sabuni kidogo, na sabuni hiyo ndiyo inayoshika pande zote mbili. Hiyo ndiyo kazi ya emalsifaya: molekuli yenye ncha moja inayopenda maji na nyingine inayopenda mafuta, ikijipanga mpakani kati ya hivyo viwili visivyopatana.

Nalitaja hili la nta kwa makusudi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamerina asali tangu zamani, na nta ya Tanganyika ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje enzi za Wajerumani na za Waingereza. Leo wapo wajasiriamali wanaoyeyusha nta na mafuta ya nazi jikoni, wakamimina maji, kisha wakashangaa krimu inapotoa machozi siku ya tatu. Nta peke yake huugandisha mchanganyiko lakini haiyashiki maji. Wanaowauzia mafunzo wangewaambia hivyo mapema, hasara nyingi zingeepukika.

Oscar Baumann alipofika kwenye Kreta ya Ngorongoro Machi 1892, akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kuandika habari zake, mafuta ya mgando yalikuwa tayari na miaka 20 sokoni: Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872. Hayo nayo hayana maji, kwa hiyo hayahitaji emalsifaya yoyote. Badiliko kubwa lilitokea Hamburg. Mwaka 1900 mkemia Isaac Lifschütz aliombea hataza kiungo alichokiita Eucerit, kilichotokana na mafuta ya sufu ya kondoo, chenye uwezo wa kubeba maji mengi ndani ya mafuta bila kuyaachia. Oscar Troplowitz, mwenye kampuni ya Beiersdorf, akishauriana na daktari wa ngozi Paul Gerson Unna, alikigeuza kuwa krimu nyeupe, na Desemba 1911 Nivea ikaingia sokoni. Miaka hiyo hiyo Mjerumani Adolf Siedentopf alikuwa analima na kufuga ndani ya kreta. Kondoo wa Kimaasai waliokuwa wakichungwa jirani naye wasingeweza kumpa Lifschütz kitu, maana wana nywele fupi badala ya sufu, na utajiri wao wa mafuta uko mkiani.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyorahisisha utengenezaji wa losheni. Mwaka 1949 William Griffin wa Marekani alichapisha kipimo cha kuzipanga emalsifaya kwa namba. Zenye namba ndogo hushikilia vitone vya maji ndani ya mafuta, na matokeo yake ni krimu nzito. Zenye namba kubwa hushikilia vitone vya mafuta ndani ya maji, nayo hiyo ni losheni laini inayopotea mkononi upesi. Mtengenezaji hakuhitaji tena kubahatisha. Angeweza kuamua chupa iwe na maji zaidi ya nusu, akaiuza, na ikapendwa kwa sababu hainati. Ila maji yanapoingia, vijidudu navyo hupata makazi, ndiyo maana losheni haina budi kutiwa vihifadhi.

Siwaambii wakazi wa Rhotia na Oldeani, huko Karatu, waache losheni. Nasema wasome neno la kwanza kwenye orodha ya viungo. Likiwa ni maji, basi sehemu kubwa ya kilicholipiwa itakauka kwa upepo baada ya muda mfupi. Mtoto aliyeogeshwa Julai, akapakwa mafuta ya mgando ngozi ikingali na unyevu, yuko salama zaidi. Na si kila emalsifaya ni rafiki wa ngozi: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kuhusu krimu moja ya tiba iliyokuwa ikitolewa sana kwa wenye ukurutu, kwa kuwa inaweza kuwasha ngozi, hasa ya watoto. Mshukiwa mmoja ni sodiamu lauril salfeti iliyomo ndani yake. Mkorogo wa kujichubua ni balaa jingine, na hudhuru zaidi. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS), lakini krimu laini bado ndiyo inayozibeba hadi usoni mwa dada zetu.

Lakini ipo kazi ambayo samli na mafuta ya mgando haviiwezi kabisa, nayo ni kukinga jua. Hapo emalsifaya inaokoa maisha. Vichujio vya mionzi vingine huyeyuka kwenye mafuta tu, vingine ni unga, na visipotawanyika sawasawa huacha mianya ambayo jua hupenya. Kwa mtu mwenye ualbino, mwanya huo ni saratani ya ngozi. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, panatengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mradi huo ulianzishwa na mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, na kampuni ya BASF ya Ujerumani ikausaidia kwa utaalamu na malighafi. Losheni hiyo hutolewa bure kliniki, pamoja na mafunzo ya kuipaka, kuvaa kofia pana na mikono mirefu, na kukaguliwa ngozi mara kwa mara.

Kutoka Moshi hadi geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ni lami tupu. Mbele ya hapo, kuelekea Endulen, na vilevile ukiteremka Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, vumbi linaanza na jua haliwi na huruma. Kliniki ya ngozi inayofika huko na ifike na chupa za kutosha kumvusha kila mgonjwa hadi ziara inayofuata.