Filamu za zamani za Afrika kwenye diski: mashabiki wanaomba nini?

Machi 2018, Beyoncé na mumewe Jay-Z walitangaza ziara yao ya pamoja ya muziki. Picha waliyoitumia iliwaonyesha wakiwa juu ya pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe ndefu mbele ya usukani. Wengi walidhani ni ubunifu mpya wa Kimarekani. Wapenzi wa filamu waliitambua pikipiki hiyo mara moja, kwamba inatoka kwenye Touki Bouki, filamu iliyopigwa Dakar, Senegal, na kutoka mwaka 1973. Muongozaji wake ni Djibril Diop Mambéty, na hadithi ni ya vijana wawili, Mory na Anta, wanaohangaika kutafuta nauli ya kwenda Paris.

Kila nikitaja filamu ya namna hii hewani, ujumbe unaoingia ni ule ule: naipata wapi? Jibu lipo, kwa sababu Touki Bouki imekarabatiwa na inauzwa kwenye diski. Ila kuna maswali mengine ambayo wanunuzi wengi huyakumbuka wakishatoa hela. Diski ipi? Imetolewa kwenye nakala gani? Ina lugha gani? Na je, deki yako itaikubali?

Picha inatoka wapi

Shabiki anaposikia filamu ya zamani inatolewa upya, kitu cha kwanza anachouliza ni chanzo cha picha. Filamu za wakati ule zilipigwa kwenye mkanda wa filamu, picha 24 kwa kila sekunde. Filamu ya dakika 90 ina picha karibu 130,000. Mkanda wa awali ule uliopita ndani ya kamera, yaani negativi, ndio wenye maelezo mengi kuliko yote. Nakala ya kuonyesha sinema inatolewa kwenye huo, nakala ya televisheni inatolewa kwenye nakala, na kanda ya video inatolewa huko mbali zaidi. Ni kama uji unaoongezwa maji kila mgeni anapoingia.

Kukarabati, basi, ni kurudi nyuma kadiri inavyowezekana. Mkanda unasafishwa, unapitishwa kwenye skana picha moja moja, kisha mafundi wanaondoa mikwaruzo na kurudisha rangi. Touki Bouki ilipitia kazi hiyo Bologna, Italia, mwaka 2008, chini ya mfuko wa sinema za dunia ulioanzishwa mwaka mmoja kabla na muongozaji Martin Scorsese. Mwaka 2013 ikatoka Marekani kwenye boksi moja na filamu nyingine tano za nchi mbalimbali.

Wakati mwingine kazi ngumu zaidi ni kuupata mkanda wenyewe. Chukua Soleil Ô ya mwaka 1970, filamu ya Mmauritania Med Hondo kuhusu Mwafrika anayefika Ufaransa akidhani anakwenda kwa jamaa, akakuta mlango umefungwa. Mikanda iliyotumika kuikarabati ilikuwa imehifadhiwa Paris, kwenye nyaraka za picha za Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, alikoiweka Hondo mwenyewe. Nakala ya kulinganishia ikatoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Toleo lililokarabatiwa lilionyeshwa Cannes mwaka 2017, miaka miwili kabla Hondo hajafariki. Ilikuwa ya kwanza kwenye mpango wa urithi wa filamu za Afrika, ambao lengo lake ni filamu 50. Mpango huo unaendeshwa na taasisi ya Scorsese, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika (FEPACI) na UNESCO. Ikumbuke hiyo UNESCO, nitairudia.

(Jambo la pembeni: Med Hondo alikula mkate wake kwa miaka mingi kwa kutia sauti ya Kifaransa kwenye filamu za Marekani. Yule punda wa Shrek, kwa Wafaransa, ni yeye.)

Kosa ambalo mashabiki hawalisamehi ni usafi uliopitiliza. Mkanda wa filamu una chembechembe zake, zinazocheza kwenye picha kama vumbi jepesi kwenye mwanga wa dirisha. Hizo ndizo picha yenyewe. Kompyuta ikiambiwa izifute, inafuta na vinyweleo vya ngozi, na mtu anabaki na uso wa nta. Ukiona watu wananung'unikia diski mpya inayong'aa sana, mara nyingi sababu ni hiyo. Umbo la picha nalo lina ugomvi wake: filamu nyingi za zamani zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, na televisheni za sasa ni pana. Shabiki anataka aachiwe nafasi nyeusi pembeni, kuliko watu kukatwa vichwa ili kioo kijae.

Sauti

Hapa naomba nikae kidogo, maana sauti ndiyo kazi yangu.

Mfumo wa televisheni wa PAL, uliotumika Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya, unakwenda kwa picha 25 kwa sekunde. Filamu ya sinema ni 24. Wakati wa kanda za video na DVD, njia rahisi ya kuziba tofauti hiyo ilikuwa kuikimbiza filamu kidogo, na filamu ya dakika 100 ikawa inaisha kwa dakika 96. Macho hayaoni kitu. Masikio yanasikia, kwa sababu bila marekebisho kila sauti inapanda: mzee mwenye sauti nzito anapungua uzito, na wimbo unatoka kwenye ufunguo wake. Nakumbuka nikiwa kwenye mafunzo ya utangazaji tulisikilizishwa kipande kile kile kwa kasi mbili, na nusu ya darasa tukabisha kwamba aliyekuwa akiimba ni mtu mmoja. Blu-ray inaweza kuchezesha picha 24 kama zilivyopigwa, na hii ni sababu moja ya mashabiki kuing'ang'ania hata pale ambapo televisheni yao si kubwa.

Usafi uliopitiliza upo kwenye sauti pia. Studio tunayo programu ya kuondoa mvumo wa nyuma, na kila mtangazaji mchanga huivuta hadi mwisho. Mvumo unaondoka, pumzi ya msemaji inaondoka nao, na mahojiano yanakuwa kama yamefanyika ndani ya debe. Kwenye filamu za Mambéty, kelele za Dakar, upepo na mawimbi ni nusu ya hadithi. Fundi anayezisafisha bila kujua hilo ameikata filamu.

Toleo lipi?

Filamu moja inaweza kuwa mbili. Ousmane Sembène, Msenegali aliyekuwa kuli wa bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi na muongozaji, aliipiga Mandabi ya mwaka 1968 kwa lugha mbili, Kiwolofu na Kifaransa. Ni habari ya mzee anayetumiwa hundi ya posta kutoka Paris na hawezi kuitoa kwa sababu hana kitambulisho. Mtu yeyote aliyewahi kuzungushwa kwa wakala wa pesa kwa kukosa kitambulisho ataicheka kwa uchungu. Mashabiki waliisubiri ya Kiwolofu, na hiyo ndiyo iliyotoka Marekani mwaka 2021 ikiwa imekarabatiwa. Ile filamu yake ya mwaka 1966, La noire de..., ni nyeusi na nyeupe, lakini kuna kipande kifupi alichokipiga kwa rangi. Diski iliyotoka Marekani mwaka 2017 imekiweka pembeni ya filamu ili mtazamaji aamue mwenyewe, na ndani yake kuna pia Borom Sarret ya mwaka 1963, filamu fupi ya dakika 20 hivi kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Nyongeza za namna hiyo, pamoja na mahojiano na watu walioshiriki, zinamfanya mtu alipie diski hata kama filamu yenyewe ameshaiona kwenye simu.

Diski inayokataa kucheza

Miaka michache iliyopita rafiki yangu aliniletea kutoka Marekani filamu ya Kiafrika kwenye diski, zawadi ya harusi. Sitaitaja kampuni. Tulikaa na mke wangu, tukaiweka kwenye deki, na kioo kikaandika kwamba diski hii hairuhusiwi katika eneo hili. Filamu imetengenezwa Afrika, inawahusu Waafrika, na inakataa kucheza Afrika.

Deki haikuwa mbovu. Kampuni za filamu ziliigawa dunia ili kila soko liuziwe kivyake. Kwa DVD, namba 1 ni Marekani na Kanada. Namba 2 ni Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati, pamoja na Misri na Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya Afrika iliyobaki iko namba 5, pamoja na India na Urusi. Blu-ray ikapunguza hadi herufi tatu: A kwa Amerika yote, Japani na jirani zake, B kwa Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia, C kwa India, China na Urusi. Diski za 4K hazina mipaka hiyo.

Matokeo yake ni kwamba matoleo mazuri ya Marekani mara nyingi ni ya A, na deki ya Blu-ray iliyonunuliwa Kariakoo kihalali inatarajia B. Za DVD hazina shida kubwa, kwa sababu deki nyingi za bei nafuu zinacheza maeneo yote, au zinafunguliwa kwa tarakimu chache kwenye rimoti, na fundi wa mtaani anazijua. Blu-ray ni ngumu zaidi kufungua. Kwa maoni yangu, mgawanyo huu ukiwekwa kwenye filamu iliyookolewa kwa jina la urithi wa Afrika unakosa maana kabisa. Ombi la kwanza la shabiki wa huku lingekuwa hilo: ondoeni kufuli.

Na Kiswahili?

Ombi la pili ni lugha. Kwa mtazamaji wa Tabora au Lamu, Kiwolofu chenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha ni fumbo juu ya fumbo. Hatukuzoea kusoma filamu. Tulizoea kutafsiriwa na mtu: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, wakisimulia juu ya picha, wakiongeza chumvi na kumpa mhusika wa Hong Kong jina la jirani yako. Watu wa ukarabati wangeshtuka, kwa kuwa sauti ya awali inafunikwa. Kusema kweli hata mimi huwa nakerwa msimulizi anapoongea juu ya ukimya ambao muongozaji aliuweka makusudi.

Lakini diski inaweza kuwaridhisha wote. DVD ya kawaida imetengenezwa ibebe hadi njia 8 za sauti na njia 32 za maandishi. Sauti ya awali inakaa njia ya kwanza bila kuguswa. Msimulizi wa Kiswahili anaweza kukaa ya pili, na maandishi ya Kiswahili yakawa chaguo jingine. Mwenye rimoti anachagua. Nafasi ipo, na hainyimi mtu chake. UNESCO ile ile iliyo kwenye mpango wa filamu 50 ndiyo iliyoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na yenyewe inasema wazungumzaji wetu wanazidi milioni 200. Kuiomba maandishi ya Kiswahili kwenye diski hizo si makuu.

Za kwetu

Kwenye filamu za Bongo mambo ni tofauti, kwa sababu nyingi hazikupigwa kwenye mkanda wa filamu. Zilipigwa kwa kamera za video na kwenda moja kwa moja kwenye VHS, baadaye VCD. Girlfriend ya George Tyson ya mwaka 2003 ilifungua njia, na baada yake maduka yakajaa. VCD inabeba dakika 74 hadi 80 tu, ndiyo maana tuliuziwa Part 1 na Part 2 (kuuza mara mbili nako kulikuwa kutamu, tusidanganyane). Picha yake ni nukta 352 kwa 288. Ukiikuza kwenye televisheni ya leo unapata ukungu, na hakuna fundi atakayetoa humo kitu ambacho hakikuingia.

Kwa hiyo tumaini la filamu hizo liko kwenye kanda za kamera na za uhariri, zile ambazo bado ziko kabatini kwa watayarishaji na wahariri. Kanda ya sumaku haipendi joto wala unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Ukungu ukiingia, kanda inanata, na ukiilazimisha kwenye mashine inachanika. Mwenye nazo aziweke zikiwa zimesimama, mahali pakavu, mbali na spika, na azihamishie kwenye diski kuu mbili tofauti wakati mashine za kuzichezesha bado zinapatikana. Hizo mashine nazo zinapungua.

Kabla ya kuagiza diski yoyote ya nje, angalia nyuma ya boksi: herufi au namba ya eneo, lugha ya sauti na ya maandishi, urefu wa filamu kwa dakika, na kama wametaja ukarabati ulifanyika lini na wapi. Urefu ukiwa pungufu kwa dakika nne hivi katika kila 100, kuna uwezekano mkubwa umeuziwa ile iliyokimbizwa. Ukiwa pungufu zaidi ya hapo, kuna kitu kimekatwa.