Mobutu Alipoondoka: Swali Lililobaki



Kila ifikapo tarehe 17 Mei, wazee wetu wa Kongo hapa Nakivale hukumbushana mwaka 1997. Siku ile askari wa AFDL waliingia Kinshasa, Mobutu akiwa ameikimbia jana yake. Alikuwa ametawala tangu Novemba 1965. Laurent-Désiré Kabila alijitangaza rais, jina la Zaire likafutwa, watu wakacheza barabarani. Mwezi Agosti 1998 vita vikaanza upya huko Goma na Bukavu. Furaha ile haikutimiza hata miezi 15.

Wengi husema sababu ni madini, wengine husema ni majirani. Hatukatai. Lakini sisi walimu tunapofundisha historia hii tunakuta swali lililotangulia hayo yote: raia ni nani? Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981, chini ya rais yule yule, ikawavua uraia huo, ikidai mtu aonyeshe kwamba kabila la wazazi wake lilikuwa nchini tangu 1885. Mzee gani wa kijijini ana karatasi ya 1885? Mobutu aliondoka, swali likabaki. Sheria mpya ya uraia ilitungwa Novemba 2004, watu wakiwa wamekwisha kufa kwa wingi.

Wenyeji wetu Waganda nao waliyaona. Idi Amin alipoangushwa Aprili 1979, mji wa Mbarara ulikuwa umebomolewa vibaya na vita. (Ukienda leo sokoni huwezi kuamini.) Akaja Lule kwa siku 68, akaja Binaisa, ikaja Tume ya Kijeshi, kisha Obote akarudi. Na Oktoba 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Ankole, ng'ombe zao zikachukuliwa. Maelfu walisukumwa hadi hapa Nakivale, katika kambi iliyokwisha kuwapokea Wanyarwanda wa mwaka 1959. Wengi wao walikuwa raia wa Uganda. Walifanywa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe.

Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na Februari Bukavu, na maneno ya nani mwenyeji na nani mgeni yakasikika tena, hata kwenye foleni ya maji hapa kambini. Watu huuliza nani ataitawala Kongo. Sisi tungeomba wanaokaa kwenye mazungumzo waanze na nani ataandikwa kuwa Mkongo.

Juzi tuliwapa wanafunzi zoezi: andika jina, mwaka wa kuzaliwa, nchi yako. Kijana mmoja aliyezaliwa hapa, na mama yake pia amezaliwa hapa, aliuliza aandike nchi gani. Tulimwambia aache wazi kwanza. Jioni, ofisini, walimu tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta.