Blogu na wiki zinavyoweza kumfaa mwalimu na mwanafunzi darasani

Kwa miaka mingi, insha ya mwanafunzi imekuwa na msomaji mmoja tu, naye ni mwalimu. Huandikwa usiku, hukusanywa asubuhi, husahihishwa kwa kalamu nyekundu, kisha hurudishwa. Mwanafunzi hutazama alama aliyopata na safari ya insha hiyo huishia hapo.

Blogu na wiki ni nyenzo mbili zinazoweza kuibadilisha hali hii. Hata hivyo, walimu wengi huzichanganya, ilhali kila moja ina kazi yake.

Blogu ni mithili ya shajara ya mtandaoni. Mwenyewe huandika mara kwa mara, andiko jipya hukaa juu na yale ya awali hushuka chini, na wasomaji hutoa maoni yao. Jina lake lilitokana na neno ‘weblog’ lililoanza kutumiwa mwaka wa 1997. Kufikia mwaka wa 1999, huduma kama vile Blogger zilimwezesha mtu asiyejua lugha za tarakilishi kuanzisha blogu yake.

Wiki nayo, neno ambalo halina uhusiano wowote na juma la siku saba, ni mkusanyiko wa kurasa ambazo wasomaji wenyewe wanaweza kuzihariri. Wiki ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1995 na Mmarekani Ward Cunningham, mtaalamu wa programu za tarakilishi. Jina alilitoa katika lugha ya Kihawaii, ambamo lina maana ya haraka, baada ya kulisikia katika uwanja wa ndege wa Honolulu, ambako basi la kubebea abiria liliitwa hivyo.

Wiki inayojulikana zaidi ni kamusi elezo ya Wikipedia iliyoanzishwa mwaka wa 2001. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka wa 2003. Mwishoni mwa mwaka wa 2009, kampuni ya Google iliandaa shindano lililowahusisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania katika kuiandikia makala. Hivyo basi, kumtumia mwanafunzi kama mwandishi wa wiki si jambo geni katika kanda hii.

Tofauti kuu ni hii: blogu hukuza sauti ya mtu binafsi, ilhali wiki hukuza ushirikiano.

Anayeandika blogu hujifunza kwamba kuna mtu asiyemjua atakayemsoma. Mfano mzuri ulitokea Uskoti mwaka wa 2012, msichana wa umri wa miaka tisa alipoanzisha, kwa kusaidiwa na babake, blogu iliyoitwa NeverSeconds. Kila siku alipiga picha chakula cha mchana alichopewa shuleni, akakieleza na kukipa alama. Baraza la eneo hilo lilipompiga marufuku kupiga picha hizo, umma ulilalamika na marufuku ikaondolewa upesi. Wasomaji wake walichanga zaidi ya pauni 100,000 za kulisha watoto wa shule katika nchi maskini, na jiko likajengwa katika shule moja nchini Malawi. Mada ilikuwa ndogo, lakini mwandishi alikuwa na jambo la kusema na watu wa kuambiwa.

Wiki hufaa pale ambapo kazi ni kubwa kuliko mtu mmoja. Chukua mfano wa fasihi simulizi. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi 40 nyumbani wakati wa likizo, kila mmoja akusanye vitendawili vitano na hekaya moja kutoka kwa wazee. Wakirudi, kila kipera hupewa ukurasa wake. Mmoja huandika, wa pili hurekebisha tahajia, wa tatu huongeza maana, wa nne huonyesha kwamba kitendawili kilekile kina jibu tofauti kwao. Mwisho wa muhula, darasa huwa na kitabu chake lenyewe.

Aidha, wiki hutatua tatizo sugu la kazi ya kikundi, ambapo mmoja huchapa kazi na wanne huandika majina. Kila ukurasa wa wiki huwa na historia inayoonyesha nani aliongeza nini na lini, mradi kila mwanafunzi awe na akaunti na nywila yake. Mwalimu huweza kutuza juhudi za kila mmoja. Mgala muue na haki yake mpe. Katika enzi hii ambapo programu za akili unde zinaweza kuandika insha nzima kwa sekunde chache, historia hiyo humsaidia mwalimu kuona jinsi andiko lilivyokua hatua kwa hatua. Insha iliyozuka nzima kwa mpigo mmoja humpa sababu ya kumwita mwanafunzi na kumuuliza.

Je, shule isiyo na intaneti ifanye nini? Programu ya MediaWiki, ambayo ndiyo inayoendesha Wikipedia, hutolewa bila malipo na inaweza kuwekwa kwenye tarakilishi moja ikatumiwa na nyingine zilizounganishwa nayo humo shuleni. Kwa upande wa kusoma, programu ya Kiwix huwezesha Wikipedia ya Kiswahili kuhifadhiwa na kusomwa nje ya mtandao.

Pamoja na manufaa hayo, ziko hatari ambazo mwalimu hana budi kuzizingatia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 nchini Kenya inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za kibinafsi za mtoto kutumiwa. Mwaka wa 2023, shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Ni salama zaidi kwa kurasa za darasa kufungwa kwa nywila, wanafunzi kutumia majina ya kupanga, na maoni kupitiwa na mwalimu kabla ya kuchapishwa.

Hatari ya pili ni kupotea kwa kazi. Huduma ya Wikispaces, iliyotumiwa na walimu wengi duniani tangu mwaka wa 2005, ilianza kufungwa mwaka wa 2018, na ambao hawakuhamisha kurasa zao walizikosa. Ni vyema kuhifadhi nakala ya kazi ya darasa kila mwisho wa muhula.

Hatimaye, mwalimu asianze na makubwa. Achague mada moja, aeleze kanuni za kuhariri kazi ya mwenzako kwa heshima, na atangaze mapema jinsi alama zitakavyotolewa. Teknolojia peke yake haimfunzi mtu kuandika. Linalomfunza ni kujua kwamba kuna anayesoma, na kwamba andiko la leo linaweza kuboreshwa kesho.